Chupa Zetu, Oili Yao, Ziwa la Wote

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni akayafanya kuwa uhai wa kila kilicho hai. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Katika Surat Ar-Rum, aya ya 41, Mola wetu anatufahamisha kuwa uharibifu umedhihiri nchi kavu na baharini kwa sababu ya yale ambayo watu wameyachuma kwa mikono yao, na kwamba anatuonjesha sehemu ya tuliyoyatenda ili huenda tukarejea. Aya hii niliihifadhi madrasa. Nilipofika chuoni kusoma masomo ya Kiislamu nikaisoma tena pamoja na tafsiri zake. Lakini kila nilipofika kwenye hiyo mikono, nilikuwa naona mikono ya watu wengine: wenye viwanda, wenye meli, wenye mali. Leo nataka kuwaeleza siku niliyoiona mikono yangu.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Anayeijua Buyenzi anajua kwamba huko husikii adhana bila kusikia nyundo. Ni mtaa wa misikiti na mtaa wa gereji. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na baba mdogo, ambaye ni fundi wa magari. Chakula nilichokula na karo niliyolipiwa vimetoka kwenye spana zake. Kila ikikaribia adhuhuri namwona ameinama kwenye ndoo, anasugua vidole kwa mchanga na sabuni ya unga mpaka grisi itoke, kwa sababu anajua kwamba kitu kizito kikiganda juu ya ngozi huzuia maji ya udhu yasifike. Hajawahi kufungua kitabu cha fiqhi, lakini jambo hilo halimpiti.

Likizo iliyopita, siku chache kabla ya Ramadhani, nilifika gereji nikamkuta kijana mmoja anafanya vidanji. Oili ilitoka kwenye injini nyeusi kama wino, ikaingia kwenye beseni. Alipomaliza, akalibeba beseni mpaka kwenye mtaro akalimwaga, kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Mtaro ule huteremka mpaka mto Ntahangwa, na Ntahangwa huteremka mpaka Ziwa Tanganyika.

Nikasimama nikaanza kuhutubia. Nikawakumbusha hadithi aliyoipokea Muadh bin Jabal, iliyomo katika Sunan Abi Dawud, ambamo Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha na sehemu tatu zinazomletea laana anayejisaidia hapo: wanapoteka watu maji, njiani, na kivulini. Nikawaeleza jinsi qiyas inavyofanya kazi: ikiwa haja ya mtu mmoja, ambayo jua na mvua huiondoa, imekatazwa karibu na maji, basi oili ambayo haiondoki itakuwaje? Nilisema mengi, mbele ya vijana wa kazi na mbele ya mteja.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Akafuta mikono akaniuliza:

"Umesema kweli, mwanangu. Sasa niambie, niimwage wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na dalili, lakini sikuwa na pipa.

"Basi njoo," akasema, akanishika mkono mpaka kwenye kidaraja ambapo mtaro unapita chini ya barabara. Pale maji yalikuwa yamezibwa na lundo la chupa za plastiki na masashe. Akachukua kijiti akainua chupa moja. "Hizi si za kwetu. Sisi hapa tunakunywa maji ya jagi."

Nilizijua zile chupa. Siku mbili kabla, jumuiya yetu ilifanya semina ya kuukaribisha mwezi mtukufu katika msikiti ulio juu ya barabara hiyo hiyo. Kila mshiriki alipewa chupa ya maji, chupa ya juisi na chakula ndani ya sashe. Mimi nilikuwa katika kamati ya chakula. Baada ya dua ya kufunga tulikusanya takataka tukaziacha kando ya mtaro, tukasema gari la taka litapita. Kabla gari halijapita, mvua ilipita.

Baba mdogo akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Oili ni yangu, plastiki ni yenu. Ziwa je, ni la nani?"

Ndugu zangu, tulipokuwa tumesimama pale nikaona kitu. Kiroba cha mchele, kile cha nyuzi za plastiki zilizosukwa, kilikuwa kimenasa kwenye chuma na nyuzi zake zimefumuka. Zilikuwa nyeusi tii. Maji yaliyokuja kutoka juu yalikuwa na utando wa oili unaong'aa rangi rangi. Yaliyopita chini ya zile nyuzi yalikuwa na utando mdogo zaidi. Nikamwonyesha baba mdogo. Akacheka. "Hujui hilo? Kiroba kikianguka kwenye oili hutakitoa kisafi tena. Plastiki na oili ni ndugu."

Nilirudi chuoni na maneno hayo, nikamuuliza mwenzetu anayesoma kemia. Akanieleza kwamba baba mdogo amesema sawasawa. Plastiki nyingi hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli na gesi yake. Nyuzi za viroba huwa za polipropilini, na polipropilini ni kaboni na haidrojeni tupu, kama yalivyo mafuta yenyewe. Kwa hiyo maji yakiigusa hujikunja matone na kuteleza, lakini mafuta yakiigusa hutandaa, hushika na kuingia katika nafasi zilizo kati ya uzi na uzi. Ndiyo maana mablanketi na maboya yanayotumika duniani kunyonya mafuta yaliyomwagika baharini hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba za polipropilini. Na mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walitangaza kwamba wamezigeuza chupa zilizotumika kuwa kitu chepesi mno chenye vitundu vingi, ambacho miongoni mwa kazi zake ni kunyonya mafuta yaliyomwagika.

Nilipoyasikia haya nikakumbuka mlango wa kwanza kabisa tunaousoma katika fiqhi, mlango wa maji. Imam Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika Minhaj anatofautisha kitu kinachochanganyika na maji na kitu kinachopakana nayo tu. Kitu tohara kikichanganyika na maji mpaka yakapoteza jina la maji, basi maji hayo hayatwaharishi tena. Lakini kitu kinachopakana nayo bila kuchanganyika, maji hubaki na hukumu yake. Na mfano anaoutoa ni upi? Kijiti cha udi, na mafuta. Mafuta hukaa jirani na maji, hayaingii ndani yake.

Nilikuwa nimeusoma mfano huo kwa ajili ya mtihani. Sasa nikaona kwamba jambo lile lile walilolichunguza wanachuoni ili watu wapate udhu ndilo linalotupa matumaini ya kusafisha. Kwa kuwa mafuta hayakuchanganyika na maji, yanaweza kutenganishwa nayo. Lakini tusijidanganye: kwamba maji yanafaa kwa udhu si ruhusa ya kuyachafua. Samaki hatawadhi. Yeye anahitaji hewa iliyomo majini, na utando wa mafuta juu ya maji huizuia hewa hiyo isiingie. Na oili iliyokwisha kutumika hubeba madini yaliyosagika kutoka kwenye injini, nayo hayaonekani kwa macho.

Tunajua pia kwamba watu wa kawaida wamewahi kufanya kazi hii. Tarehe 25 Julai 2020 meli iitwayo Wakashio ilipanda juu ya mwamba wa matumbawe huko Mauritius, katika Bahari yetu ya Hindi, na mwanzoni mwa Agosti ikaanza kuvuja. Takriban tani 1,000 za mafuta mazito ziliingia katika maji ya pwani. Watu wa kisiwa hawakukaa kungoja. Walikusanyika kwa maelfu, wakajaza majani makavu ya miwa ndani ya vitambaa na nyavu, wakafunga chupa tupu za plastiki ili vielee, wakavivuta majini kuyazingira mafuta. Chupa zile zile tunazozitupa baada ya semina.

Basi mimi, yule mwenzangu wa kemia na vijana wawili wa gereji tukajaribu. Jambo la kwanza halikuhusu plastiki kabisa. Baba mdogo alitafuta pipa, na oili yote ya vidanji sasa huingia humo. Hakuna anayeruhusiwa kuimwaga. Ilibaki oili inayodondoka chini na kusombwa na maji ya kuoshea vyuma. Kwa hiyo tukachimba shimo kabla ya mtaro, tukalijengea kwa saruji, tukaweka bomba lililopinda ili maji yatoke kwa chini. Oili ni nyepesi kuliko maji, basi hubaki juu. Kisha tukavifumua viroba vya mchele uzi baada ya uzi, tukajaza nyuzi katika mifuko ya wavu ya vitunguu, tukafunga chupa tupu zilizozibwa vifuniko pembeni, tukaielesha mifuko hiyo shimoni. Ikijaa, kijana huvaa glavu akaikamulia ndani ya pipa, kisha akairudisha.

Haikuwa rahisi. Mfuko wa kwanza tuliushindilia mno, oili ikashika nje tu, ndani nyuzi zikabaki nyeupe. Mfuko wa pili tulikata nyuzi fupi fupi, zikapenya kwenye wavu. Tulikaribia kutia ziwani kitu ambacho ndagala angekimeza. Tangu hapo tunaziacha nyuzi ndefu na tunazifunga mafundo.

Tatizo la tatu ndilo lililonifundisha zaidi. Siku moja shimo likakataa kufanya kazi. Maji yalitoka kwa chini yakiwa meupe kama maziwa, na yananuka oili. Tukachunguza tukakuta vijana walikuwa wameosha injini kwa sabuni ya unga. Sabuni huyavunja mafuta yakawa vitone vidogo sana na kuvitawanya ndani ya maji. Yaani kilichokuwa kinapakana sasa kimechanganyika. Nyuzi zetu haziwezi tena kukishika. Nikakaa kando ya shimo nikasema, subhanallah, huu ni ule mlango wa maji. Madhara yakiwa bado yanaonekana juu, yanaondosheka. Yakishayeyuka ndani, nani atayatoa? Hivyo ndivyo ilivyo maji, na hivyo ndivyo yalivyo mazoea mabaya ya moyo. Sasa ndoo ya sabuni ya baba mdogo ina mahali pake, mbali na shimo.

Ndugu zangu, hapa nawaomba tusimame, maana hapa pana hatari. Nilipowasimulia wenzangu habari hizi, mmoja akafurahi akasema: "Kumbe chupa zina faida! Basi tuendelee kununua, zitapata kazi." Mwingine akauliza tutafanya nini na nyuzi zilizochoka kunyonya, na kabla sijajibu akasema, "Mtazichoma nyuma ya bweni, ziishe."

Wanachuoni wetu wametuwekea kanuni: madhara hayaondoshwi kwa madhara yaliyo mfano wake. Anayetoa oili majini akaichoma pamoja na plastiki, ameyahamisha madhara kutoka kwenye maji ya jirani na kuyatia kwenye mapafu ya jirani. Nyuzi zilizochoka tumezifungia katika pipa la pili, lenye kifuniko, juu ya sakafu ya saruji. Pipa hilo limefika nusu. Kila nikienda gereji naliona, na sitalificha katika makala haya. Kusafisha kunazaa mzigo, na mzigo una mwenyewe. Ni amana iliyo mikononi mwetu mpaka tupate mahali salama pa kuipeleka, na nimeomba jumuiya yetu ilifuatilie jambo hili pamoja na mafundi kwa wakuu wa mji.

Na yule aliyesema tuendelee kununua chupa, namjibu kwa masharti ya toba, ambayo sote tunayajua. Kuiacha dhambi. Kujuta. Kuazimia kutoirudia. Na ikiwa kuna haki ya mtu, kuirudisha haki yake. Tazameni mpangilio: kuacha kumetangulia. Mtu anayeleta istighfari huku mkono bado uko kwenye dhambi anacheza. Na mtu anayetengeneza mifuko ya kunyonya oili huku kila wiki anatupa chupa mia mtaroni, huyo naye anacheza. Kuigeuza taka kuwa dawa ni katika lile sharti la mwisho, kurudisha haki. Halisimami bila la kwanza.

Na haki hii ni ya nani? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na duniani hakuna ziwa la kina kikubwa zaidi ila Baikal. Linamilikiwa pamoja na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, ulio upande wa Kongo, na mengi zaidi huondoka kwa kuwa mvuke. Oili haipandi na mvuke huo kirahisi, wala chupa. Tunachokitia kinakaa. Na kutoka humo ndimo unamotoka mukeke wa futari zetu, na ndimo yanamotoka maji ya mabomba ya mji huu, yale tunayotawadhia.

Kumbukeni mfano alioutoa Mtume (S.A.W.), kama ulivyopokewa na Nu'man bin Bashir katika Sahih Bukhari, wa watu waliopanda jahazi moja, baadhi juu na baadhi chini. Wa chini walichoka kupita kwa walio juu kila wanapotaka maji, wakaona watoboe tundu upande wao, ili wasiwaudhi wenzao. Nia yao haikuwa mbaya. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Miaka yote niliusoma mfano huu nikijiweka miongoni mwa wa juu, wanaowazuia wenzao. Siku ile kwenye kidaraja niliona kwamba na mimi nilikuwa na tundu langu.

Basi wanafunzi wenzangu, nawausia mambo matatu.

Kwanza, tuanze na mikono yetu. Futari na semina zetu ziwe na majagi na vikombe vya kuosha. Aliye na chupa yake aje nayo. Marufuku ya mifuko ya plastiki nchini mwetu ilitiwa saini mwaka 2018. Isiwe aibu kwamba sashe bado inapatikana kwenye mkutano wa watu wa dini.

Pili, viroba vya mchele na sukari vinavyobaki jikoni kwetu tusivitupe. Vikusanywe, vipelekwe kwa mafundi wanaokubali kuchimba shimo na kuweka pipa. Gereji mbili jirani zimeshamuuliza baba mdogo alivyofanya. Mwenye nguvu aje achimbe, mwenye subira aje afumue nyuzi. Mtume (S.A.W.) amelihesabu jambo la kuondoa udhia njiani kuwa ni tawi la imani. Njia ya maji nayo ni njia.

Tatu, na hili najiambia mimi kabla yenu: tusiende kwa watu wa kazi tukiwa na dalili peke yake. Tuwaulize wanamwaga wapi na kwa nini. Aliyenifundisha kwamba plastiki na oili ni ndugu ni mtu niliyekuwa nimekwenda kumkaripia. Nilimwomba radhi baba mdogo, mbele ya vijana wale wale niliomhutubia mbele yao. Akasema, "Yameisha, Shehe. Lete viroba."

Ewe Mola wetu, Wewe ndiye uliyetupa maji haya yakiwa matamu, na lau ungetaka ungeyafanya chumvi. Tusamehe tuliyoyamwaga kwa kujua na kwa kutojua. Tupe mikono inayoacha kabla ya ulimi unaokataza. Wabariki wanaotafuta riziki ya halali kwa jasho lao, walinde wavuvi wetu ziwani, mrehemu baba yangu na maiti wote wa Kiislamu. Na utujaalie, wakati wa kukutana nawe, asiwepo jirani, wala kiumbe wa majini, mwenye kutudai.

Amin. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.